Nani Anamweleza Kijana wa Arua Kazi Iko Wapi?

Mwanzoni mwa mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa Kampala, nyumba nyingi za Arua na Koboko hupitia majuma mawili matatu ya hesabu ngumu. Aliyefaulu vizuri anatafutiwa karo ya kidato cha tano. Aliyefaulu kiasi anaambiwa aende chuo cha ufundi. Aliyeshindwa anaachwa hivyo hivyo, mpaka ajikute juu ya bodaboda ya mtu au dukani kwa mjomba. Ndani ya majuma hayo maisha ya kazi ya kijana huamuliwa na baba, mama, mjomba na pengine mwalimu mmoja. Wote wanamtakia heri, lakini ni nadra kumpata miongoni mwao anayejua fundi umeme wa Koboko anapata wapi wateja wake, au mchomeleaji wa Arua alianza na mtaji kiasi gani.

Tatizo hili limezoeleka kuelezwa kwa lugha ya tabia: vijana wanadharau kazi za mikono, wazazi wanataka watoto wa ofisini, basi wahamasishwe. Dharau hiyo ipo, na hakuna haja ya kuifunika. Lakini anayeitazama kwa makini West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda zilipo Arua na Koboko, ataona kuwa chini ya dharau kuna upungufu mkubwa zaidi, nao ni wa taarifa. Ushauri wa kazi hauwezi kuwa bora kuliko ujuzi wa mshauri kuhusu soko. Soko la huku limetandazwa katika nchi tatu, hubadilika kila baada ya miaka michache, na sehemu kubwa yake imo katika karakana za watu wawili watatu ambazo haziandikwi popote. Tusipoanzia hapo, kila mkutano wa kuwaasa vijana utabaki kuwa mawaidha.

Soko la nchi tatu

Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, iko zaidi ya kilomita 450 kutoka Kampala, lakini mpaka wa Kongo pale Vurra uko jirani kabisa. Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005, imekaa kwenye pembe ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinagusana. Barabara ya lami ya kilomita 92 inatoka Vurra, inapita Arua na Koboko, na kuishia Oraba, mkabala na mji wa Kaya wa Sudan Kusini. Mchuuzi wa Arua anawaza soko la Ariwara upande wa Kongo kabla ya kuwaza Kampala.

Kazi ya mtu wa West Nile tangu zamani imekuwa na safari ndani yake. Waingereza walipolitwaa eneo hili mwaka 1914 waliligeuza kuwa ghala la nguvu kazi: wanaume walipelekwa kukata miwa Kakira na Lugazi, au waliandikishwa jeshini. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, watu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan, na wengi waliporejea katika miaka ya 1980 walikuja na Kiswahili, Kilingala na kazi walizojifunza ugenini. Mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005 ukafungua Juba, na waashi, maseremala na mafundi bomba wa Arua na Koboko wakafuata nondo na saruji zilikokwenda. Kisha vita vya Sudan Kusini vya Desemba 2013 na vya Julai 2016 vikawarudisha, na nyuma yao wakaja wakimbizi. Kambi ya Bidibidi katika wilaya jirani ya Yumbe, iliyofunguliwa Agosti 2016, ikawa moja ya makazi makubwa zaidi ya wakimbizi duniani. Rhino Camp na Imvepi zikafurika, wakati Lobule, ndani ya Koboko, tayari ilikuwa na Wakongo. Mashirika ya misaada yakaleta kazi za ujenzi, uchimbaji visima, udereva na ukalimani, na michango ya wafadhili ilipopungua, kazi hizo nazo zikapungua.

Mfuatano huo una funzo ambalo vipeperushi vya vyuo havilitaji. Kijana aliyeanza uashi mwaka 2012 akiwa na ndoto ya Juba alihitimu wakati Juba inawaka moto. Kozi ya miaka miwili inaweza kuanza katika soko moja na kumalizika katika soko lingine. Kwa hiyo kumwambia mwanafunzi kwamba ujenzi una kazi ni kumpa nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni kazi hiyo iko upande gani wa mpaka, inategemea fedha ya nani, na atafanya nini siku ikikatika.

Umeme ni mfano mwingine. Kwa miaka mingi West Nile haikuunganishwa na gridi ya taifa. Ilitegemea kampuni ya WENRECo, ambayo ilikuwa na bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5 na jenereta za kuongezea. Mchomeleaji alipopanga bei ya geti aliingiza dizeli ya jenereta yake, na ujuzi wa kufunga sola uliuzika kuliko wa kutandaza nyaya. Sasa laini kubwa kutoka upande wa Karuma imefika Arua na hesabu inageuka: mashine zinazohitaji umeme wa kudumu zinaanza kulipa, na nyumba zinataka kufungwa nyaya. Hapo tena mwongozo sahihi ungemweleza mwanafunzi jambo moja mahususi. Uganda haimruhusu mtu kuidhinisha ufungaji wa nyaya mpaka awe na kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, na vibali hivyo vina madaraja. Asiyelijua hilo atahitimu, atafunga nyaya vizuri, kisha atamtafuta mwenye kibali aje kutia sahihi na kuondoka na sehemu ya malipo.

Mfumo ulivyo kwenye karatasi

Haitakuwa haki kusema kwamba serikali haikufikiria. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008 ilijenga ngazi za sifa za ufundi zinazopimwa kwa vitendo chini ya Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, DIT. Bodi ya UBTEB ikawa inatahini vyeti na stashahada za vyuo. Mwaka 2019 ikatoka sera ya mafunzo ya ufundi (TVET), na sheria mpya ya mwaka 2025 imekusanya utahini wa DIT na UBTEB chini ya bodi moja, UVTAB. Anayemaliza darasa la saba anaweza kuingia shule ya ufundi. Anayemaliza kidato cha nne anaweza kuingia chuo kama Arua Technical Institute kule Ragem, apate cheti cha taifa, kisha aendelee hadi stashahada.

Shule za kawaida nazo zimeguswa. Mtaala mpya wa sekondari ulianza mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Asilimia 20 ya alama hutokana na kazi za mwaka mzima, wanafunzi hufanya miradi, na ujasiriamali ni somo la lazima katika vidato viwili vya mwanzo. Wizara ya Elimu ina idara nzima ya ushauri na unasihi.

Tatizo linaonekana mfumo huo unapofika mlangoni mwa shule. Kwa kawaida mwalimu wa ushauri ni mwalimu wa jiografia au wa dini aliyeongezewa jukumu juu ya vipindi vyake vyote. Siku zake zinaliwa na utoro, mimba, ugomvi na karo ambazo hazijalipwa. Mwongozo wa kazi unabakiziwa siku moja ya mwaka, ambapo hualikwa daktari, wakili na mhandisi waliowahi kusoma pale. Ni wageni wa heshima, lakini ni mfano wa njia ambayo wachache darasani watapita. Fundi aliyejenga jengo wanamoketi wageni hao haitwi.

Kuna pia vurugu ya vyeti. Mzazi anasikia cheti cha taifa, cheti cha ngazi ya kwanza kilichokuwa cha DIT, na kitabu cha Worker's PAS kinachothibitisha stadi moja moja ambazo mfanyakazi amepimwa akizifanya. Kila kimoja kina kazi yake. Cha kwanza kinafungua mlango wa stashahada. Cha mwisho kinamfaa aliyejifunza kazini bila kukaa darasani, kwa sababu kinapima mkono wake. Mzazi asiyejua tofauti anaweza kulipia kozi ya miezi sita akidhani inaongoza kwenye stashahada, au kumzuia mwanawe asipimwe ujuzi alio nao tayari kwa kudhani bila kidato cha nne hakuna cheti. Saa moja ya maelezo ya wazi ingeokoa karo ya mwaka.

Utayari unapimwa kwenye geti

Neno utayari wa kazi limekuwa la warsha, na warsha hulijaza nidhamu, mawasiliano na kujiamini. Ni afadhali kulishusha hadi kwenye kazi moja. Mteja wa Arua anataka geti la chuma. Fundi aende akapime mwanya, atazame kama nguzo zimesimama wima, achore, akadirie chuma, vijiti vya kuchomelea, rangi, umeme na usafiri. Ataje bei isiyomfukuza mteja wala kumfilisi yeye. Apokee arubuni na aitumie kununua chuma, asiilipie deni la nyumba. Akate bila kubakiza vipande vingi, achomelee, asage, apake rangi, apeleke, afunge, na siku mlango ukilegea arudi kuurekebisha. Mwishoni adai salio lake bila kugombana.

Chuo kizuri humfundisha mwanafunzi kukata, kuchomelea na kusoma mchoro. Kukadiria bei, kutunza arubuni, kutimiza ahadi ya siku na kudai salio ni nadra kuviona kwenye mtihani, ilhali biashara nyingi changa hufa kwa hayo. Hata sehemu ya kuchomelea ina kasoro yake: vijiti na mabati ni ghali, na mwanafunzi mmoja kati ya wengi huenda akagusa mashine mara chache tu katika muhula. Anahitimu akiwa amemwona mwalimu akichomelea zaidi ya alivyochomelea mwenyewe.

Mitaani mambo ni kinyume. Mwanagenzi wa gereji au wa karakana ya seremala hugusa kazi kuanzia juma la kwanza, japo huanza kwa kufagia. Anamsikia bosi wake akipatana bei na anajifunza mteja gani hulipa na yupi huahidi. Anachokosa ni hesabu za vipimo, usalama, mkataba na cheti. Anaweza kutumikishwa miaka mitatu bila mshahara, kisha aambiwe bado hajaiva, kwa kuwa akiiva atafungua karakana yake mtaa wa pili. Kila upande, chuo na mtaa, una kile ambacho mwenzake hana.

Ujerumani iliunganisha pande hizo kwa sheria ya mwaka 1969: siku kadhaa kazini, siku kadhaa shuleni, na mkataba kati ya mwajiri na mwanagenzi. Tanzania, ambayo ilianzisha VETA mwaka 1994, imejaribu uanagenzi pacha wa aina hiyo na pia kuurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani. Tangu mwaka 2024 imefungua mkondo wa amali katika sekondari. Lakini mfumo wa Kijerumani unaegemea vyama vya wafanyabiashara vyenye nguvu. Karakana ya watu watatu kule Koboko haina ofisi ya kusimamia mkataba, na mwenyewe anaogopa kumfundisha mshindani. Atahitaji faida inayoonekana, kama vile ruhusa ya kutumia mashine ya chuo kwa kazi kubwa, kupimwa yeye mwenyewe na UVTAB ili aweze kuomba zabuni, na kijana aliyekwisha kufundishwa usalama na vipimo kabla hajafika kwake.

Wanaosukumwa pembeni

Wazazi, wajomba na walimu wanaoamua katika majuma yale ya matokeo hawamwamulii kila mtoto kwa namna moja. Msichana huelekezwa kwenye ususi, mapishi au cherehani, hata pale ambapo mtaa umejaa cherehani. Ushonaji ni kazi nzuri kwa mwenye mkataba wa sare za shule. Kwa asiye nao ni kugombania viraka. Kumshauri msichana vizuri ni kumwonyesha namba: wangapi wanashona kwenye barabara hiyo, na wangapi wanarekebisha simu, wanafunga sola au wanapaka rangi majengo. Kisha aulizwe anataka nini, akishajua.

Suala hili lilizidi uzito baada ya shule za Uganda kufungwa, kikamilifu au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, kipindi kilichokuwa kirefu kuliko karibu kila mahali duniani. Wavulana waliingia kwenye matofali na bodaboda, wasichana wengi wakapata watoto. Kijana aliyeacha shule namna hiyo hana sare wala mwalimu wa ushauri. Mwongozo unaotolewa ndani ya uzio wa shule tu haumfikii, wakati yeye ndiye ambaye mafunzo mafupi na upimaji wa vitendo vilitungiwa.

Wakimbizi wana kizuizi kingine. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea, jambo ambalo nchi nyingi haziwapi. Miradi mingi ya stadi imekuja kwa ajili yao na wenyeji wao, ikiwemo ya shirika la Kibelgiji Enabel kwa fedha za Umoja wa Ulaya, katika Arua, Yumbe na Adjumani. Lakini miradi hufuata kalenda ya mfadhili. Inafunza, inagawa vifaa vya kuanzia, inafunga. Cherehani au boksi la vifaa lililogawiwa kwa mtu asiye na chumba cha kazi wala mteja wa kwanza huuzwa siku njaa inapobisha hodi. Na mkimbizi aliyesoma ufundi Yei au Juba, badala ya kupimwa, huwekwa tena kwenye darasa la wanaoanza.

Lugha pia ni stadi ya kazi. Katika soko la Arua Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili hupishana katika mazungumzo ya dakika moja, na fundi anayemudu Kiswahili anamhudumia Mkongo na dereva wa lori la Mombasa. Baraza la mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima. Shule za West Nile zingekuwa za kwanza kukipokea kama kifaa cha biashara: kuandika ankara, kueleza hitilafu ya injini, kupatana bei. Kwa sasa kinafundishwa kama somo la mtihani.

Kinachowezekana bila kungoja mfadhili

Hatua ya kwanza imo tayari ndani ya mtaala. Wanafunzi wanatakiwa kufanya miradi. Wapewe mradi wa kuhesabu kazi za mji wao: wa kidato cha pili waende mtaa kwa mtaa Arua na Koboko, waandike karakana ngapi zipo, zinafanya nini, zilianzaje, zinanunua wapi malighafi, na zimekosa fundi wa aina gani. Daftari libaki shuleni, na kundi la mwaka unaofuata lilisahihishe. Baada ya miaka mitatu shule itakuwa na ramani ya soko ambayo hakuna wizara inayoweza kuichora kutoka Kampala, na kila mwanafunzi atakuwa amezungumza na mafundi kadhaa kabla ya kufika kidato cha nne.

Hatua ya pili ni vyuo kufuata wahitimu wao. Simu moja baada ya miezi kumi na miwili, na maswali matatu: unafanya kazi gani, unapata kiasi gani, ni kitu gani hatukukufundisha. Majibu yabandikwe ubaoni, kozi kwa kozi, kabla ya usajili mpya. Chuo ambacho wahitimu wake wa uashi wanafanya kazi kitapata wanafunzi bila matangazo. Chuo ambacho hakithubutu kubandika kimejibu pia.

Hatua ya tatu ni ya halmashauri. Barabara ya Koboko hadi Yumbe na Moyo, yenye urefu wa takriban kilomita 105, inajengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Kazi za ukubwa huo huajiri wenyeji kwa wingi kama vibarua, na wachache kama mafundi, kwa sababu mkandarasi anataka karatasi inayothibitisha ujuzi. Halmashauri zinaujua mradi miaka kadhaa kabla greda la kwanza halijafika. Muda huo unatosha kuwapima waashi na madereva wa eneo na kuwapa vyeti. Vivyo hivyo na mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, uliozinduliwa mwaka 2022 na kutengea kila parishi shilingi milioni 100: kijana aliyemaliza ufundi aelezwe masharti yake kabla hajahitimu, ajue utamfaa au hautamfaa.

Kuna pingamizi mbili za kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba taarifa itawamiminia vijana wote kwenye kazi moja. Hilo hutokea taarifa ikiwa uvumi, kama ilivyokuwa kwa bodaboda. Daftari linalosahihishwa kila mwaka huonyesha pia mahali palipojaa. Ya pili ni nzito zaidi: ushauri hauzalishi ajira, na West Nile ina vijana wengi kuliko kazi. Ni kweli. Hata mshauri bora hawezi kuleta kiwanda Koboko wala kutuliza Sudan Kusini. Anachoweza ni kupunguza hasara: miaka miwili ya kozi isiyo na soko, karo iliyouziwa ng'ombe, cheti kisichotambuliwa, kibali ambacho hakikuombwa. Kwa familia ya kipato cha chini, hasara hiyo moja inatosha kufunga njia ya mtoto wa pili.

Kwa sasa shule hupimwa kwa alama za mtihani, na vyuo kwa idadi ya waliosajiliwa na vifaa vilivyogawiwa. Vipimo hivyo vyote huchukuliwa kabla kazi haijaanza. Wazazi wa Arua na Koboko wana haki ya kudai kingine, nacho hakihitaji sheria mpya: kabla ya kulipa karo, waulize wahitimu wa mwaka juzi wako wapi. Mkuu wa chuo anayeweza kulijibu swali hilo kwa majina ya mitaa na karakana tayari anatoa mwongozo wa kazi. Asiyeweza aanze kupiga simu leo, kabla hajaandika barua nyingine ya kuomba mafunzo ya uhamasishaji.